Mashua ya Tanga Iongozwayo kwa Rimoti: Ya Kwanza Iwe Ipi?



Juma lililopita mama mmoja wa Kisauni alinisimamisha baada ya darsa, akanivuta pembeni kama mtu mwenye neno la siri. Mumewe yuko Muscat kikazi, huu ni mwaka wa tatu, na inshaAllah atarejea kabla ya Ramadhani. Amempigia simu mwanawe wa miaka kumi na mmoja kumuuliza amletee zawadi gani, na mtoto, badala ya kutaka simu kama wenzake, akajibu kwamba ataka mashua ya tanga iendayo kwa rimoti. Baba akafurahi mno, kisha akamwachia mama kazi ya kuchagua. "Dada yangu," akaniambia, "mimi sijui tofauti ya mlingoti na shikio, na fedha zile ni za jasho. Nisaidie, nisije nikawakosesha baba na mwana."

Nilicheka. Kisha nikanyamaza, kwa kuwa nilikumbuka yaliyotufika sisi wenyewe, na nikamwahidi kwamba jawabu lake nitaliandika hapa ili wengine pia walipate.

Miaka minne iliyopita mwanangu wa kiume aliomba kitu kile kile. Babu yake, yaani baba yangu mzazi, alikuwa nahodha wa jahazi la boriti, na mtoto amekua akisikia habari za Lamu, Faza na Kismayu. Nikaenda duka moja mjini, nikaonyeshwa mashua ya kupendeza, nyeupe yenye ukanda mwekundu, matanga mawili ya plastiki na rimoti yake ndani ya sanduku. Muuzaji akaniapia kwamba yaenda kwa upepo. Mimi sikuigeuza kutazama chini. Lau ningeigeuza ningeona rafadha, ile panka ya kusukuma maji, imejificha nyuma karibu na shikio. Na mahali pa mkuku ningeona kijiubao cha plastiki kisichofika hata urefu wa kidole changu. Kwa hakika ilikuwa mashua ya mota iliyovishwa matanga kama pambo.

Tukaipeleka Tudor alasiri, maji yakianza kupwa. Pumzi ya kwanza ya upepo ikailaza ubavu. Matanga yake yalikuwa yamekazwa mahali pamoja, hayalegezeki, na kile kirafadha kikabaki kukoroga hewa. Mkondo ukaichukua. Nilikuwa nimeinama kumfunga mdogo wake kiatu, na nilipoinua kichwa nikaona mwanangu yumo majini, maji yamemfika kifuani, naye anazidi kwenda mbele amenyoosha mkono. Mtoto wa pwani, mjukuu wa nahodha, na hajui kuogelea. Aibu ile ni yangu mimi, si ya muuzaji. Mvuvi mmoja aliyekuwa akirudi na mtumbwi wake ndiye aliyemshika ukosi wa shati akamrejesha. Mashua ikaenda na maji, na heri ikaenda.

Baba yangu hakunigombeza. Alisema tu, "Kwanza afunzwe maji. Kisha chombo." Mwanangu alijifunza kuogelea kwa miezi mitatu kabla sijasikia tena neno mashua nyumbani mwangu, na hilo ndilo sharti la kwanza nililomwambia mama wa Kisauni. Baba atakapokuja na zawadi, mtoto awe ameshajua kuogelea, na awe ameshaweka ahadi kwamba hata akiiona mashua yake inakwenda zake Pemba, haingii majini kuifuata.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe.

Mashua ya tanga ya kweli, hata ikiwa ndogo, haina mota ya kuisukuma. Rimoti yake ina vijiti viwili, na kila kimoja kina kazi yake: kimoja hugeuza shikio kulia na kushoto, na kingine huvuta au kulegeza kamba za demani, zile zinazoyazuia matanga. Ndani ya mashua mna mota mbili ndogo ziitwazo sevo zinazotii vijiti hivyo. Basi. Kwenda ni kazi ya upepo. Kijiti cha tanga hakimwambii chombo "nenda mbele". Humwambia tu upepo, hapa ndipo mwisho wa ruhusa yako. Watoto waliozoea gari za rimoti hushangaa sana jambo hili. Hubonyeza na kubonyeza wakiwa wameelekeza omo kwenye upepo, na mashua imesimama inapepesuka. Hapo ndipo mtoto anapoanza kufikiri, na kwangu mimi hiyo ndiyo thamani yote ya mchezo huu.

Alama ya pili ni mkuku. Mashua ya kweli ina mkuku mrefu mwembamba ulioteremka chini kama upanga, na mwisho wake pana tonge la risasi. Hiyo ndiyo farumi yake. Majahazi ya wazee wetu yaliweka farumi ya mawe au mchanga ndani ya ngama; hizi ndogo huiweka mbali chini ya maji, ili upepo ukiilaza mashua, uzito ule uivute isimame tena. Ukimwona mtu anakuuzia mashua ya tanga isiyo na uzito chini, muage kwa heshima uondoke.

Alama ya tatu ni matanga yenyewe. Yawe ya kitambaa chepesi au karatasi laini ya plastiki inayokunjika, tena yawe yanaweza kulegezwa na kukazwa. Geuza mashua, tazama chini, kisha sukuma tanga kwa kidole. Dakika moja yatosha, nami sikuitoa dakika hiyo.

Mchezo huu si mgeni duniani. Katika ziwa dogo la Round Pond, ndani ya bustani ya Kensington mjini London, watu wazima wamekuwa wakishindanisha mashua ndogo za tanga tangu karne ya 19, kabla hata ya redio kubuniwa. Mjini New York, katika Central Park, lipo bwawa ambapo mpita njia hukodi mashua ya tanga yenye rimoti akaichezesha nusu saa. Paris nako, katika bustani ya Luxembourg, watoto hukodi mashua za mbao zisizo na redio, wakazisukuma kwa fimbo kutoka ukingoni. Hata mashindano yana kanuni za kimataifa. Mashua za aina ya Marblehead, zenye urefu wa inchi 50, zilipata jina lake kutoka mji wa Marblehead, Massachusetts, na kanuni zake ni za mwaka 1930.

Kwa anayeanza, aina zinazofaa kujulikana ni tatu au nne tu. Inayoheshimiwa kupita zote katika mashindano huitwa International One Metre. Iliwekewa kanuni mwaka 1988: urefu wa umbo lake usipite mita moja, uzito usipungue kilo 4, na kina cha mkuku kisizidi milimita 420. Ni chombo kizuri sana, lakini mpya iliyokamilika hugharimu dola elfu moja na zaidi, mlingoti wake ni mrefu kuliko mtoto wa miaka kumi na mmoja, na kilo nne hizo ataziinua yeye kutoka majini kwa mikono iliyolowa. Hiyo isubiri.

Iliyo chini yake ni DragonForce 65, maarufu kwa jina la DF65, itengenezwayo na kampuni ya Joysway ya China. Urefu wake ni milimita 650, na uzito wake ni kilo moja na kitu. Huja karibu imekamilika, na rimoti yake pia. Kazi ya kuiunganisha ni ya jioni moja au mbili, mtoto akisaidiwa na mtu mzima mwenye subira. Bei yake huko nje ni zaidi ya dola 200. Anayo dada mkubwa, DF95, ya milimita 950, ambayo hutulia zaidi upepo ukiwa mkali, lakini ni ghali zaidi na yataka nafasi zaidi garini na nyumbani. Ipo pia RG65, ambayo si mashua ya kiwanda kimoja bali ni kanuni: urefu wa sentimita 65 na eneo la matanga lililowekewa kikomo, mengine ni ustadi wa fundi. Ilistawi Amerika ya Kusini, na wengi huiunda wenyewe kwa mbao nyepesi. Kama nyumbani kwenu yuko mjomba anayejua randa na msasa, hiyo ni njia nzuri na huenda ikawa rahisi kwa mfuko. Lakini mtoto ambaye hajapata kuongoza chombo asianze kwa kukiunda. Atachoka njiani, na kitabaki juu ya kabati.

Mimi nachagua DF65 kwa anayeanza, na sababu yangu si bei peke yake. Kanuni za mashindano yake zinataka mashua zote ziwe sawa, matanga yale yale, umbo lile lile, hivyo mtoto wa tajiri hawezi kununua ushindi. Watoto wawili wa mtaa mmoja wakiwa nazo, anayetangulia ni aliyeusoma upepo. Pia vipuri vyake hupatikana kwa urahisi, na hili wazazi hulisahau. Kuna matanga ya ukubwa mbalimbali kwa mashua ile ile, yaitwayo A, B na C. A ni makubwa ya upepo wa kawaida, B na C ni madogo ya upepo mkali. Kwa pwani yetu, nunua seti ya B pamoja na mashua, usingoje. Kaskazi ikiwa tulivu A yatosha. Kusi likishika katikati ya mwaka, mwenye A peke yake atakaa nyumbani akitazama minazi inavyoinama.

Mwanangu aliwahi kuuliza kwa nini tusimwombe fundi wa Lamu atuchongee jahazi lenyewe, tulitie redio. Swali zuri, nami nililipeleka kwa baba yangu. Alieleza kwamba vile vijahazi vya kuuzia wageni vimechongwa vikae sebuleni. Havina farumi ya kutosha kusimama majini na tanga. Zaidi ya hayo, tanga la jahazi limefungwa kwenye foromali, na unapogeuza chombo upepo ukuje ubavu wa pili, hapana budi foromali ihamishwe kuzunguka mlingoti. Jahazini hiyo ni kazi ya mabaharia kadhaa wakipiga kelele. Sevo mbili haziiwezi. Matanga ya mashua hizi za kisasa hujihamisha yenyewe, ndiyo maana mtu mmoja mwenye vidole viwili hutosha.

Mashua yetu ya pili aliileta shemeji yangu kutoka Dubai. Ilikuwa DF65 iliyotumika, na kwa kuwa wengi wenu mtanunua zilizotumika, naomba mtazame mambo mawili. Redio iwe ya gigahezi 2.4, ambayo kila rimoti hujifunga na mashua yake tu. Zile za zamani zaidi, mbili zikikutana kwenye masafa mamoja, moja huiamrisha mwenzake. Na fungueni kifuniko cha ndani mtazame nyaya. Mkiona ukungu wa kijani kwenye shaba, hayo ni maji ya chumvi, na muuzaji ajue kwamba mmeona.

Chumvi ndiyo adui mkubwa wa mashua hizi. Wenzetu wa Ulaya huchezea maziwa ya maji baridi, nasi tuna bahari. Kila mara, hata kama mtoto amechoka na Magharibi inaadhiniwa, mashua ioshwe kwa maji matamu, kifuniko kifunguliwe, ndani pafutwe kwa kitambaa kikavu na paachwe wazi usiku kucha. Kipokezi cha redio tumekitia ndani ya puto la watoto, mdomo wake tukaufunga kwa uzi kuzizunguka nyaya, na uchi wake wa waya wa redio umekaa juu, mbali na maji, kwa sababu mawimbi ya gigahezi 2.4 hayapenyi majini. Ni hila ya bei ya peremende, na imetuokolea kipokezi zaidi ya mara moja.

Kuhusu betri, anayeanza atumie zile ndogo za kawaida zinazochajiwa upya, nne ndani ya mashua. Za lithiamu ni nyepesi na zina nguvu, lakini zikilowa chumvi au zikichajiwa vibaya huweza kuwaka moto, na mimi sizitaki chini ya kitanda cha mtoto. Kama baba ataleta za lithiamu za akiba, azibebe mkononi ndani ya ndege, asizitie katika mzigo wa chini. Mtoto naye afunzwe utaratibu tangu siku ya kwanza: kuwasha, rimoti mwanzo kisha mashua, kuzima, mashua mwanzo kisha rimoti. Akiugeuza, kuna wakati mashua haina bwana.

Kisha ni mahali na wakati. Bwawa la kuogelea la hoteli halifai isipokuwa kwa kujaribu kama inavuja, kwani kuta huukata upepo vipande vipande. Ufukwe wenye mawimbi nao haufai. Panapofaa ni maji yaliyotulia nyuma ya mwamba au ndani ya hori, siku za maji mafu, si siku za bamvua ambapo mkondo huwa na haraka kuliko mashua yenyewe. Kina kipite magoti ya mtu mzima, kwa sababu ya ule mkuku. Enda maji yakijaa, usiende yakipwa. Na chagua upepo unaotoka baharini kuja nchi kavu, ili betri ikiisha au kamba ikikatika, upepo uwarejeshee mashua yenu miguuni. Umande, ule upepo wa asubuhi utokao bara, ni mtamu usoni lakini huichukua mashua moja kwa moja kwenda nayo nje. Sisi muda wetu ni baada ya Alasiri hadi kabla ya Magharibi, na mpaka huo umetusaidia hata kwa mambo mengine.

Baba yangu macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu wakati huo. Ile mashua akiiona majini kama doa jeupe tu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, kofia ameivuta mbele, akawa anamwongoza mjukuu wake kwa upepo alioupata shavuni. "Sasa bisha," anamwambia. Mtoto hakuijua maana ya kubisha ila ile ya kubishana. Akafunzwa kwamba chombo hakiwezi kwenda moja kwa moja kuukabili upepo. Huenda upande, kikageuza, kikaenda upande wa pili, na hivyo hivyo mpaka kifike. Akafunzwa joshini na demani, akafunzwa kulegeza kabla ya kukaza. "Umekaza mno, umeua tanga," mzee akisema, na kweli, akilegeza kidogo mashua huruka. Mzee yule alikuwa ameacha kuzungumza nyumbani tangu alipouza sehemu yake ya jahazi. Alirudi kusema pale, kwenye kiti cha plastiki, akiwatukana sevo kwamba ni mabaharia wavivu.

Nimalizie na binti yangu, mdogo wa yule kaka, ambaye wakati huo hakuulizwa na mtu. Siku moja kaka yake alikuwa na mtihani, akachukua rimoti yeye. Amesimama ukingoni na buibui lake, nguo kavu, hakuna aliyemshughulikia, akabisha mara saba mpaka kwenye boya la wavuvi na kurudi. Kaka yake mpaka leo hajafika boya lile kwa chini ya mara kumi. Kwa hivyo, mama wa Kisauni, ukimwambia baba wa watoto, mwambie mchezo huu hautaki misuli wala kuvua nguo, na wale binti wako wawili nao wana vidole.

Hivi ndivyo utakavyomwandikia: DF65, mpya ikiwezekana, pamoja na rimoti yake ya gigahezi 2.4; seti ya matanga ya B; kamba za akiba; betri ndogo nane za kuchajiwa na chaji yake. Amuulize muuzaji kama mlingoti unagawanyika vipande, kisha apime sanduku kabla ya kufika uwanja wa ndege. Mwanao mpeleke akajifunze kuogelea kuanzia Jumamosi hii. Nimeshamwambia mwanangu, naye yuko tayari kumwonyesha. Na babu, alhamdulillahi, amekwisha tolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia, na asema safari hii ataiona mwenyewe mashua ikigeuza.